Mtoto Yuko Tayari kwa Shule? Kazi ya Kikundi Haianzi Januari



Kila shule zinapofunguliwa mwanzo wa mwaka, ofisi yetu hupata wageni wa namna moja. Mwaka mmoja walifika watatu katika juma moja. Wa kwanza alikuwa nyanya aliyekuja na mjukuu wa miaka sita, sare mpya, viatu vipya, na mtoto amelia mpaka macho yamevimba. "Mwalimu aliniuliza, 'Shosho, cheti cha kuzaliwa kiko wapi?' Nikamwambia mama yake alifariki, sijui kama alikichukua. Basi akaniambia tukarudi tukakitafute."

Wa pili alikuwa mama ambaye mtoto wake alipokelewa bila taabu, lakini kufika saa nne anasinzia juu ya dawati. Wa tatu alikuwa baba aliyeitwa shuleni kuambiwa kwamba kijana wake ni mkaidi, akiambiwa jambo hafanyi. Kumbe kijana hakuwa mkaidi. Sikio moja lilikuwa likitoa usaha tangu akiwa mdogo, na la pili lilisikia kidogo tu.

Watoto hao wote walitoka kijiji ambacho sisi wenyewe tulishirikiana na kikundi kujenga darasa la nasari. Tulichanga, tukabeba mawe, mabati yakapanda, tukalifungua kwa maombi na chakula. Tukarudi nyumbani tukifikiri kazi imekwisha. Ilituchukua muda kukubali kwamba darasa lilikuwa zuri lakini watoto hawakuwa tayari, na kwamba kosa lilikuwa letu sote. Tulijenga nyumba, hatukumfuata mtoto mmoja mmoja.

Katika makala haya tunaeleza tulichojifunza: kuwa tayari kwa shule ni nini, huduma zipi zipo karibu nasi, na kikundi kinaweza kufanya nini ili huduma hizo zimfikie mtoto kabla ya Januari.

KUWA TAYARI NI NINI?

Tukiuliza swali hili katika mkutano, wengi hujibu, "Ni kujua A, B, C, na kuhesabu mpaka mia moja." Wengine huongeza, "Na kwa Kiingereza." Ndiyo sababu nasari fulani zinasifiwa kwa kuwa watoto wa miaka minne wanabeba vitabu vitano na kazi ya kufanya nyumbani.

Lakini hebu tumtazame mtoto anayefanya vizuri katika Gredi ya 1. Huyu amelala vizuri na amekula asubuhi. Anaona ubao na anamsikia mwalimu. Anaweza kukaa na wenzake, kungoja zamu yake, kusema "naomba kwenda chooni," na kuagana na mama bila hofu kubwa. Vidole vyake vimezoea kushika vitu vidogo, kwa hiyo kalamu haimshindi. Ana maneno mengi katika lugha ya nyumbani, anaweza kusimulia kilichotokea jana. Mtoto kama huyu hata kama hajui herufi zote, atazijua kwa muda mfupi. Na yule aliyekaririshwa herufi zote lakini ana minyoo, haoni vizuri na anamwogopa mwalimu, mwisho atabaki nyuma.

Kwa hiyo tuseme hivi: kuwa tayari ni mwili, akili, moyo na karatasi. Na kuna upande wa pili. Shule nayo inatakiwa iwe tayari kwa mtoto: mwalimu aliyefunzwa, choo kinachomfaa mdogo, maji ya kunawa, na lugha anayoielewa.

NASARI NI KAZI YETU TANGU ZAMANI

Vikundi visifikiri kwamba jambo hili ni la serikali peke yake. Katika Kenya, nasari za vijijini nyingi zilianzishwa na watu wenyewe. Wakati wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950, akina mama katika vijiji vya Mlima Kenya walilazimishwa kwenda kufanya kazi, na watoto wakaachwa pamoja mahali pamoja wakitunzwa na kupewa uji. Baada ya Uhuru mwaka 1963, kwa moyo wa Harambee, vikundi vya wanawake na makanisa walijenga nasari katika kila pembe ya nchi, wakamlipa mwalimu kwa michango yao.

Mwaka 1980 kazi ya nasari iliwekwa chini ya Wizara ya Elimu. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, na kuanzia 1985 vituo vya wilaya vya kuwafunza walimu wakiwa kazini. Pwani nako, mwaka 1986, ndugu zetu Waislamu walianza mpango wa nasari za madrasa mjini Mombasa, wakitumia vifaa vya pale pale walipo badala ya kungoja vya dukani.

Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, wazazi wengi waliona heri wamweke mtoto nyumbani mpaka afikishe umri wa darasa la kwanza, kwa sababu nasari iliendelea kulipiwa. Nasari nyingi zikapungukiwa na watoto. Kisha Katiba ya 2010 ikaweka elimu ya kabla ya msingi na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa serikali za kaunti, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Katika mtaala wa sasa mtoto huingia PP1 akiwa na miaka minne, PP2 akiwa na miaka mitano, na Gredi ya 1 akiwa na sita.

Tunakumbusha haya ili kikundi kijue kinasimama wapi. Kaunti ina wajibu. Lakini anayejua kwamba mtoto wa fulani hajafika kliniki tangu mwaka juzi ni jirani, si kaunti.

FUNZO KUTOKA BUSIA NA TESO

Watafiti wawili, Christel Vermeersch na Michael Kremer, walifuatilia nasari 50 katika wilaya za Busia na Teso, na ripoti yao ilitoka mwaka 2004. Nasari 25 zilipewa uji wa asubuhi bila malipo, na 25 nyingine hazikupewa. Mahali penye uji watoto walihudhuria zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko kwingine. Hapo mtu atasema, "Basi dawa tumeipata, tupike uji."

Tungoje kidogo. Watafiti walipowapima watoto kwa masomo waliyofundishwa, waliona kwamba uji uliwasaidia kujifunza zaidi katika nasari zile tu ambazo mwalimu alikuwa na uzoefu mzuri tangu mwanzo. Kwingine mtoto alikuja, akanywa uji, lakini hakuongeza mengi kichwani. Tena kuandaa na kugawa uji kulikula muda wa kufundisha, na madarasa yakajaa zaidi.

Funzo tunalolipata hapa ni hili: huduma moja haitoshi. Uji bila mwalimu unajaza darasa. Mwalimu bila uji anafundisha watoto wanaosinzia. Darasa la mabati bila vyote viwili ni kivuli tu. Na kama kikundi kitapika uji, mpishi asiwe mwalimu. Akina mama wapange zamu, ili mwalimu abaki na watoto.

Juu ya uji wenyewe, machache ya kukumbuka. Unga wa wimbi au mtama ukichanganywa na njugu au soya, au ukiongezwa maziwa, una nguvu kuliko unga wa mahindi mtupu. Nafaka ikiloweshwa, ikaachwa iote, ikaanikwa na kusagwa, huufanya uji uwe mwepesi hata ukiwa na unga mwingi, na mtoto mdogo anaweza kuumaliza. Chai ya rangi pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma, kwa hiyo uji ni bora kuliko chai. Mahindi ya mchango yakaguliwe: yaliyoota ukungu yasiingie sufuriani. Mwaka 2004, katika sehemu za Ukambani na jirani zake, watu 125 walikufa kwa sumu ya ukungu wa mahindi. Mahindi yakaushwe vizuri na yawekwe juu ya mbao, si sakafuni.

MILANGO MITANO

Tulipokaa na vikundi na kuorodhesha anachohitaji mtoto, tuliona kwamba huduma nyingi zipo. Shida ni kwamba kila moja iko katika mlango wake, na mzazi anatakiwa kubisha kila mlango peke yake, na nauli ni yake. Tunaieleza milango hiyo mmoja mmoja.

1. Kliniki. Wazazi wengi huacha kliniki mtoto anapomaliza chanjo ya surua ya miezi tisa. Wanasema, "Amemaliza." Hajamaliza. Chanjo ya surua na rubela ina sindano ya pili katika miezi 18. Kuanzia miezi sita mpaka kabla ya miaka mitano mtoto anatakiwa kupata vitamini A kila baada ya miezi sita, na kuanzia mwaka mmoja dawa ya minyoo. Kupimwa uzito na urefu kunaendelea mpaka miaka mitano. Yote huandikwa katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Kijitabu hicho kitunzwe kama hati ya shamba.

Mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye tangu 2023 anaitwa mhamasishaji wa afya ya jamii, ana utepe wa kupima mkono wa mtoto wa kuanzia miezi sita mpaka kabla ya miaka mitano. Utepe una rangi tatu. Kijani ni vyema. Manjano, yaani chini ya sentimita 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni hatari. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku ile ile, asingojee siku ya soko.

2. Ofisi ya usajili. Mtoto aliyezaliwa hospitali huandikiwa pale taarifa ya kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu. Karatasi hiyo si cheti. Nayo ndiyo hupelekwa ofisi ya usajili wa raia au Huduma Centre ili cheti kitolewe. Kuandikisha kunatakiwa kufanywa ndani ya miezi sita. Baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, wenye karatasi zaidi na safari zaidi. Unawezekana, lakini hauwezekani kwa siku moja ya Januari wakati ofisi imejaa watu. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, na haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Tunaomba vikundi viwakumbuke hasa akina nyanya wanaolea yatima. Mara nyingi karatasi zilipotea katika msiba, na shosho huona haya kusema.

3. Macho, masikio na ulemavu. Si lazima uwe daktari ili kutambua dalili. Simama nyuma ya mtoto, mwite kwa sauti ya chini. Je, anageuka? Mwonyeshe kitu kidogo kutoka mbali. Je, anakileta karibu sana na uso? Je, katika miaka mitatu bado hajaunganisha maneno mawili? Je, sikio linatoa usaha? Sikio la namna hiyo lipelekwe kituo cha afya mapema, kwa maana mengi huweza kutibiwa kabla ya kuharibika.

Mtoto aliye na ulemavu, au anayeshukiwa kuwa nao, apelekwe katika kituo cha tathmini cha elimu, ambacho walimu hukiita EARC. Vituo hivi vilianza Kenya mwaka 1984. Huko humpima mtoto na kuwashauri wazazi ni shule gani itamfaa na asaidiwe vipi. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itawaelekeza kilipo. Na hapa tuseme wazi: bado wapo watoto wanaofichwa nyumbani. Kumficha mtoto si kumlinda. Tukiwa kanisa tuna deni kwao, kwa sababu mara nyingi ni maneno yetu sisi majirani yanayomfanya mama amfiche.

4. Mwalimu na kaunti. Kuajiri walimu wa nasari na kuandaa madarasa ni kazi ya kaunti. Mara nyingi tunasikia, "Tulimwambia mwakilishi wa wadi, akasema pesa hazipo." Inawezekana alisema kweli, kwa kuwa mliomba wakati bajeti imekwisha kupitishwa. Pesa za kaunti zina majira yake kama mvua. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katika safari hiyo wananchi wana haki ya kutoa maoni. Kikundi kinachotaka mwalimu wa pili au choo cha watoto kiandike barua mapema, kipeleke nakala kwa mwakilishi wa wadi na ofisi ya elimu ya awali, na kihudhurie kikao kikiwa na hesabu mkononi: watoto wangapi, wa umri gani, mwalimu ni mmoja au wawili. Hesabu husikilizwa kuliko malalamiko. Na kikundi kiwe kimesajiliwa. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, usajili hufanywa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii.

5. Nyumbani. Mlango huu ndio wa kwanza, na hauna nauli. Mtoto hujifunza kwa kuongea na kucheza. Mama anapochambua maharagwe, mtoto ahesabu kumi kumi. Baba anapofunga mbuzi, mtoto aseme yupi mkubwa, yupi mdogo. Vizibo vya soda, mabuzi ya mahindi, mbegu, udongo wa mfinyanzi, kamba na mikebe ni vifaa vya masomo. Zungumzeni naye lugha ya nyumbani bila kuona haya. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba katika madarasa ya chini mtoto afundishwe kwa lugha inayotumika mahali pale, na mpaka leo sera ni hiyo. Mtoto mwenye maneno mengi katika Kikamba, Kiluhya au Kigiryama ana mahali pa kuyashikiza ya Kiswahili na ya Kiingereza.

CHINI YA MTI MMOJA

Sasa jambo kuu. Kikundi hakiwezi kuwa kliniki, wala ofisi ya usajili, wala kaunti. Kinachoweza ni kuileta milango hii karibu, na kuhakikisha kila mtoto ameipita yote.

Wasamburu walituonyesha njia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, jamii kule zilisaidiwa kuimarisha desturi yao ya zamani iitwayo loipi, maana yake kivuli. Akina nyanya hukusanya watoto wadogo mahali palipozungushiwa ua, wakawalea, wakawasimulia hadithi na kuwafundisha michezo. Hapo hapo pakaletwa chakula na huduma za afya. Hawakungoja jengo. Walianza na kivuli na wazee wenye hekima, huduma zikawafuata watoto walipo.

Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo, hatua kwa hatua.

Kwanza, fungueni daftari la watoto. Daftari la kawaida tu la shule linatosha. Andikeni kila mtoto wa kijiji aliye chini ya miaka sita, awe wa mwanachama au si wa mwanachama. Pigeni mistari: jina, tarehe ya kuzaliwa, cheti, chanjo, rangi ya utepe, macho na masikio, nasari. Mstari wa mwisho ni wa jina la mwanachama anayemfuatilia mtoto huyo. Mstari huo wa mwisho ndio wenye nguvu. Bila jina la mtu, kila mmoja atadhani mwenzake ameshughulika. Na yaliyomo humo ni siri ya kikundi, hayasomwi sokoni.

Pili, chagueni siku ya watoto, mara mbili kwa mwaka, iwe kanisani, nasari au chini ya mti. Ombeni kituo cha afya kije kupima na kutoa vitamini A na dawa ya minyoo. Mwombeni naibu wa chifu akae kwenye meza yake na fomu. Mwiteni mwalimu wa Gredi ya 1 awaone watoto watakaofika kwake mwaka ujao. Andikeni barua mwezi mzima kabla. Maofisa wengi hukubali wakijua kwamba watu watakuwepo na hawatasafiri kwa sababu ya watu wawili.

Tatu, wekeni mfuko mdogo. Katika mzunguko wenu wa fedha, kila mara tengeni kiasi, hata kikiwa kidogo, kwa ajili ya nauli ya mtoto anayetumwa hospitali ya mbali au ofisi ya usajili. Tumeona mara nyingi kwamba mzazi hakukataa kwenda. Alikosa nauli tu.

KALENDA YA KIKUNDI

Januari na Februari: andikeni daftari upya. Ni nani ameingia shule, nani amerudishwa, na kwa nini? Hudhurieni vikao vya mkakati wa fedha wa kaunti.

Machi na Aprili: wasio na vyeti waanze safari, wale wa umri wa miaka mitano kwanza.

Mei: siku ya watoto ya kwanza. Toeni maoni juu ya makadirio ya bajeti.

Juni mpaka Agosti: baada ya mavuno, chukueni nafaka ya uji ikiwa bado kavu na nzuri. Pelekeni mahitaji ya nasari yaingie katika mpango wa Septemba. Mahali ambapo mvua yenu ina majira mengine, badilisheni.

Septemba na Oktoba: watoto wa PP2 watembelee darasa la Gredi ya 1, wajue choo kilipo na wamjue mwalimu kwa jina.

Novemba: siku ya watoto ya pili. Pitieni daftari mstari kwa mstari. Palipo wazi ndipo pa kufanyia kazi.

JUU YA INTAVYUU

Bado kuna mahali ambapo mtoto hupewa mtihani kabla ya kupokelewa Gredi ya 1, na akishindwa huambiwa arudie nasari. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumpokea, isipokuwa ule wa kujua awekwe katika kiwango kipi. Ikiwatokea, nendeni kwa mwalimu mkuu kwa heshima, mzazi akiandamana na mwanachama mmoja wa kikundi. Msipoelewana, nendeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Nia yetu si kugombana na walimu. Wengi wao wana watoto wengi kuliko dawati, na intavyuu ni njia yao ya kupunguza mlango. Kwa hiyo tukidai mlango uwe wazi, tudai pia mwalimu wa pili.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Someni makala haya kwa sauti, kisha mjadili:

1. Katika kijiji chetu, mtoto yupi alirudishwa mwaka huu? Tulijua mapema? Kwa nini tulinyamaza?

2. Kati ya milango mitano, upi ni mgumu zaidi kwetu: ni nauli, ni haya, au ni kutojua?

3. Akina baba wako wapi katika kazi hii? Je, kliniki na nasari ni za akina mama peke yao?

4. Ni nyanya gani kati yetu analea wajukuu bila msaada? Nani atamtembelea juma hili?

5. Kabla ya mkutano ujao, jambo moja tutakalofanya ni lipi, na nani atalifanya?

KWA KUMALIZIA

Yule nyanya tuliyemtaja mwanzoni alisaidiwa. Kikundi kilimchangia nauli, katibu akafuatana naye kwa naibu wa chifu na ofisi ya usajili, wakaenda, wakarudi, wakaenda tena. Cheti kilipotoka, muhula wa kwanza ulikuwa umekwisha. Mtoto aliingia darasani wenzake wakiwa wanasoma sentensi. Mwalimu alimpokea vizuri, lakini ile miezi mitatu haikurudi. Katibu ndiye aliyetuambia, "Safari hizi zote tungezifanya mwaka jana, zingekuwa nauli ile ile."

Maneno yake ndiyo tunayowaachia. Nauli ni ile ile na kazi ni ile ile. Kinachobadilika ni kama mtoto atalia mlangoni au ataingia pamoja na wenzake. Bwana wetu aliwakaripia wanafunzi waliowazuia watoto kumkaribia. Tusiwe sisi tunaowazuia kwa kukawia.

Mkianzisha daftari la watoto, tuandikieni mtueleze lilivyoendelea, mliyofaulu na mliyoshindwa, ili vikundi vingine vijifunze kwenu. Mungu awabariki katika kazi yenu.